Mashindano ya nyimbo kwenye televisheni ya Hungaria ya kijamaa: yalikuwa propaganda?

Swali: *Shikamoo Mwalimu. Nasoma Szeged, huku Hungaria, kwa ufadhili wa serikali yao. Nimepanga chumba kwa bibi mmoja aliyevuka miaka sabini. Majuzi televisheni ilionyesha mashindano ya nyimbo ya zamani, yale ya picha za nyeusi na nyeupe, msichana mdogo anaimba mbele ya okestra. Bibi aliimba naye kila neno, kisha akaanza kufuta machozi. Mimi shuleni nilifundishwa kwamba nchi za kikomunisti zilifunga kila kitu. Sasa imekuwaje serikali ile ikawapandisha vijana wenye magitaa kwenye televisheni ya taifa? Ulikuwa ujanja wa propaganda? Washindi walipangwa? Ilikuwa kama Bongo Star Search yetu? Nataka kuandika insha ya muhula kuhusu jambo hili, ila naogopa nitaonekana nasifu udikteta. Nianzie wapi?*

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na chini ya maswali yote naona hofu moja. Ukikubali kwamba nyimbo zile zilikuwa nzuri na watu walizipenda kwa dhati, unahofia kuusafisha utawala uliowaziba watu midomo. Ukisema zilikuwa propaganda tupu, unakuwa kama unamwambia bibi kwamba ujana wake wote alichezewa akili. Hofu hiyo ina msingi, na wasomi wengi wa Ulaya Mashariki wamekwama papo hapo. Njia ya kutoka ni kuuliza jambo dogo zaidi: nani alikuwa na mamlaka ya kuamua nini, na katika hatua ipi? Ukilifuatilia hilo, mengi yatajipanga yenyewe.

Kwanza tutenganishe mashindano mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza lilianza mwaka 1962 na liliitwa *Ki mit tud?*, yaani "Nani anajua nini?". Hilo lilikuwa shindano la vipaji vya kila namna. Waimbaji walikuwemo, lakini pia wacheza ngoma za asili, wasoma mashairi, wapiga vyombo, wafanya mazingaombwe, hata mpiga miluzi. Huyo mpiga miluzi, Hacki Tamás, alipata umaarufu wa nchi nzima, na baadaye akawa daktari wa sauti. Mchujo ulianzia chini kabisa, kwenye nyumba za utamaduni za miji na vijiji, ukapanda ngazi kwa ngazi mpaka studio za Budapest. La pili ni tamasha la nyimbo za dansi, *Táncdalfesztivál*, lililoanza 1966 na kurudi 1967, 1968 na 1969, kisha tena mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa jinsi ulivyoeleza, msichana mbele ya okestra, nadhani bibi alikuwa anatazama hili la pili.

Tofauti ya haya mawili ina uzito kwa insha yako. *Ki mit tud?* lilishindanisha watu. Tamasha la nyimbo za dansi, kama lile la Sanremo nchini Italia lililokuwa mfano kwa nchi nyingi za Ulaya, lilishindanisha nyimbo. Kwenye karatasi, aliyekuwa akishindana ni mtunzi wa muziki na mwandishi wa maneno, na mwimbaji alikuwa mbebaji tu wa mzigo wao. Ila televisheni haijui karatasi. Kamera ilikaa usoni kwa mwimbaji, na asubuhi yake mtaani watu walikuwa wanamzungumzia msichana aliyeimba, wala si mzee aliyeandika noti. Kwa hiyo chombo kilichoundwa kuwapa watunzi wa zamani jukwaa jipya kikaishia kuwapa vijana sura na jina. Sidhani kama waandaaji walilikusudia hilo kwa kiwango kile.

Ukitaka jibu kuhusu Bongo Star Search, basi *Ki mit tud?* ndilo linalokaribia zaidi, kwa sababu ya mchujo wa mikoani na kijana asiyejulikana kuibuka ghafla. Lakini angalia kinachofuata baada ya fainali. Mshindi wa Dar es Salaam akikataliwa na studio moja huenda nyingine, na akikataliwa na redio moja huenda nyingine. Mshindi wa Budapest hakuwa na pa kwenda pengine. Nitarudi hapo, maana ndipo ulipo moyo wa jambo lenyewe.

Sasa, kwa nini serikali iliruhusu? Anza na 1956. Mwaka huo Wahungaria waliasi, vifaru vya Kisovieti vikaingia Budapest, na Kádár János akawekwa madarakani. Miaka ya kwanza ilikuwa ya kisasi: watu walinyongwa, maelfu wakafungwa, na watu wapatao laki mbili wakakimbia nchi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 utawala ulihitaji kupumua na kuwaacha watu nao wapumue. Kádár akawa na kauli yake iliyojulikana kote, kwamba asiye dhidi yetu yuko pamoja nasi. Mwaka 1963 ukatangazwa msamaha mkubwa kwa wafungwa wa kisiasa. Mapatano ambayo hayakuandikwa popote yalikuwa haya: msiiguse siasa, nasi tutawaachia maisha ya nyumbani, nguo nzuri kidogo, likizo kando ya ziwa Balaton, na muziki.

Vijana ndio waliokuwa kichwa kinachouma. Usiku walikuwa wanategea Radio Luxembourg. Walikuwa wanasikiliza pia Radio Free Europe, redio iliyofadhiliwa na Marekani na kurusha matangazo kutoka Munich, iliyokuwa na kipindi cha muziki wa vijana kwa Kihungaria. Serikali ilikuwa na uwezo wa kuyavuruga mawimbi, lakini hakuna aliyeweza kumkataza kijana wa miaka kumi na sita kutamani. Kwa hiyo ilianza kushindana. Mwaka 1961 jumuiya ya vijana ya chama, KISZ, ilifungua bustani ya dansi chini ya kasri ya Buda, maarufu kama *Ifjúsági Park*. Bendi za magitaa zilipiga pale, lakini mlangoni palikuwa na masharti: mvulana asiye na tai alirudishwa, na mwenye nywele ndefu naye alirudishwa. Ndani mnacheza muziki wa kina Beatles, nje mnakaguliwa kola. Mwaka 1965 redio ya taifa ikaanzisha kipindi cha muziki mpya kiitwacho "Kwa vijana tu". Mwaka uliofuata likaja tamasha la televisheni. Ukiyapanga hivi kwa mfuatano utaona kwamba tamasha halikudondoka kutoka mbinguni. Lilikuwa hatua katika jitihada ya kuwarudisha vijana kwenye mawimbi ya nyumbani.

Ulifundishwa kwamba kila kitu kilifungwa. Hilo lina ukweli kwa Hungaria ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, chini ya mtawala wa wakati huo, Rákosi. Kwa enzi ya Kádár linapotosha. Sera ya utamaduni, iliyosimamiwa kwa miaka mingi na kiongozi wa chama Aczél György, iligawa kazi za sanaa mafungu matatu: zinazoungwa mkono, zinazovumiliwa, na zinazopigwa marufuku. Muziki wa vijana uliwekwa zaidi kwenye fungu la katikati. Funika kombe mwanaharamu apite, ndiyo ilikuwa hali yenyewe. Lakini elewa ukali wa fungu hilo. Aliyepigwa marufuku anajua alipo. Anayevumiliwa hajui mpaka uko wapi, na mpaka wenyewe unaweza kusogezwa usiku mmoja bila yeye kuambiwa. Matokeo yake anaanza kujipima mwenyewe kabla hajapimwa. Huo udhibiti wa ndani ya kichwa cha msanii ni mgumu kuuona kwenye mkanda wa televisheni, kwa sababu hauachi alama yoyote.

Je, nyimbo zenyewe zilihubiri ujamaa? Hapana, karibu zote zilikuwa za mapenzi. Nyimbo za kisiasa zilikuwa na jukwaa lao: mwaka 1967 palifanyika tamasha la *pol-beat*, muziki wa magitaa wenye maneno ya siasa, Vietnam na mengineyo. Haukuacha alama kubwa mioyoni mwa watu. Zilizobaki ni zile za mapenzi. Kwa hiyo ukiitafuta propaganda ndani ya maneno ya nyimbo utarudi mikono mitupu. Kama unataka kulitumia neno hilo, litumie kwa kuwepo kwa tamasha lenyewe, maana lilisema, "Tazameni, hapa kwetu vijana wanaimba, na sisi ndio tuliowapa kipaza sauti." Huo ulikuwa ujumbe, na ulikuwa na nguvu kuliko wimbo wowote wa kukisifu chama.

Hebu tumwangalie mtu mmoja kwa karibu. Kovács Kati alizaliwa 1944 kijijini Verpelét, mashariki mwa Budapest. (Wahungaria hutanguliza jina la ukoo, ukitafuta kwenye hifadhi zao anza na Kovács.) Alishinda *Ki mit tud?* mwaka 1965, na mwaka uliofuata akashinda tamasha la kwanza la nyimbo za dansi kwa wimbo *Nem leszek a játékszered*, yaani "Sitakuwa mwanasesere wako". Usikilize kabla hujasoma chochote zaidi. Kabla yake, waimbaji wa kike wa nyimbo za dansi kwa kawaida walikuwa na sauti laini, iliyopigwa pasi. Kati ana sauti nzito yenye mikwaruzo, na anapofika kwenye kiitikio anaitoa yote, karibu na kufoka. Msichana wa kijijini anasimama mbele ya taifa zima na kumwambia mwanamume kwamba hatachezewa. Hakuna neno hata moja la siasa, na mdhibiti hakuwa na cha kukata. Lakini jiulize wasichana waliokuwa wanatazama walisikia nini.

Kumbuka pia walikuwa wanatazama katika mazingira gani. Chaneli ilikuwa moja. Ya pili ilianza 1971. Jumatatu hapakuwa na matangazo kabisa. Si kila nyumba ilikuwa na televisheni, kwa hiyo majirani walijazana kwa mwenye nayo. Nchi ya watu milioni kumi hivi, na usiku wa fainali watu wa kila rika wanakitazama kitu kimoja kwa wakati mmoja. Leo hakuna shindano linaloweza kutengeneza nyota kwa kasi ile, kwa sababu hakuna chombo kinachoshika macho ya watu namna ile. Umaarufu wa Kati, wa Zalatnay Sarolta aliyekuwa na miaka kumi na minane tu tamasha lilipoanza, au wa Szécsi Pál aliyeibuka 1967 kwa wimbo wa taratibu kuhusu dansi moja tu, ulikuwa wa nchi nzima kufumba na kufumbua.

Hapo ndipo linapokuja swali lako la kupangwa. Nakujibu moja kwa moja: uchujaji mkubwa ulifanyika kabla kamera haijawashwa. Nyimbo ziliwasilishwa, jopo la wataalamu na maofisa likazipitia, na zilizoonekana hazifai hazikufika studio. Kwenye jukwaa palikuwa na majaji, na watazamaji nao walipiga kura zao kwa posta. Ndani ya uwanja ambao ulikuwa umeshawekewa ua, ushindani ulikuwa wa kweli, na watu waligombana mitaani kuhusu nani alistahili, kama wanavyogombana mashabiki wa mpira. Sijaona sababu ya kuamini kwamba chama kilikaa na kuamua mshindi awe nani. Hakikuhitaji. Ukishachagua nani anaruhusiwa kukimbia, huna haja ya kumchagua wa kwanza kufika.

Ndani ya ua huo palikuwa na vita nyingine ambayo wanafunzi huisahau kwa kuwa wanatafuta siasa tu. Ni vita ya fedha. Nyimbo za dansi zilikuwa mikononi mwa kundi dogo la watunzi na waandishi wa maneno wa kulipwa, na mirabaha, yaani malipo ya mtunzi kila wimbo wake unapotumika, ilikwenda kwao. Bendi za vijana kama Illés, Metro na Omega zilikuja na tabia mpya: zinatunga zenyewe, zinaandika zenyewe, zinapiga zenyewe. Kila wimbo wao ulipopita, mrabaha ulihama. Kwa hiyo mtunzi mkongwe aliposema magazetini kwamba muziki wa magitaa ni makelele, huenda alikuwa anatetea masikio yake, huenda alikuwa anatetea mfuko wake. Mwaka 1968, Illés waliposhinda kwa *Amikor én még kissrác voltam*, ulikuwa ushindi wa sauti mpya na pia wa namna mpya ya kugawana riziki. Katika tamasha lilelile Koncz Zsuzsa aliimba *Színes ceruzák*, "Penseli za rangi". Huyo Koncz alikuwa ameonekana kwenye televisheni mara ya kwanza mwaka 1962, katika *Ki mit tud?* la kwanza kabisa, msichana wa shule akiimba pamoja na rafiki yake.

Nikuombe usiusome mwaka 1968 kama mwaka wa muziki peke yake. Januari serikali ilianza mageuzi ya uchumi yaliyolegeza kidogo mipango ya serikali kuu. Agosti majeshi ya Hungaria yaliingia Chekoslovakia pamoja na ya Kisovieti na washirika wao. Nchi ileile, mwaka uleule.

Narudi sasa pale nilipokuachia. Televisheni ilikuwa na uwezo wa kukufanya ujulikane usiku mmoja. Haikuweza kukupa santuri. Santuri zilitolewa na kampuni moja tu, ya serikali, Magyar Hanglemezgyártó Vállalat. Maonyesho makubwa ya nchi nzima yaliandaliwa na ofisi moja ya serikali, ORI. Ili ulipwe kihalali ulihitaji kibali, na kibali kilipatikana kwa kufanya mtihani mbele ya kamati, ambayo pia ndiyo iliyoamua upo daraja gani la malipo. Pasipoti ya kwenda kuimba nje nayo ilikuwa mkononi mwa mtu. Fikiria nyumba yenye sebule pana iliyojaa taa na wageni, lakini kila mlango wa kutokea una bawabu wake. Wengi wanaoandika kuhusu tamasha huishia sebuleni. Udhibiti ulikuwa milangoni.

Ndiyo maana mifano muhimu kwa insha yako ni ya yale yaliyowapata nyota hao baadaye. Illés, vipenzi vya 1968, walikwenda Uingereza mwaka 1970, wakazungumza na BBC, na maneno yao hayakufurahisha nyumbani. Waliporudi walizuiwa kupiga Budapest kwa muda mrefu. Hakuna aliyekwenda mahakamani. Mialiko ilikoma tu.

Mfano wa pili ni wa Koncz Zsuzsa, yule msichana wa shule. Mwaka 1973 kampuni ya serikali ilitoa albamu yake *Jelbeszéd*, kisha ikaiondoa madukani na nakala zikaharibiwa. Ndani yake mlikuwa na wimbo wa Bródy János, mwandishi wa maneno wa Illés. Kila ubeti unaanza kwa "kama ningekuwa": kama ningekuwa waridi, kama ningekuwa lango, dirisha, mtaa, bendera. Lahani yake ni nyepesi, mtoto anaweza kuushika kwa kuusikia mara moja. Lakini kwenye ubeti wa mtaa mwimbaji anasema kwamba siku ambayo minyororo ya magurudumu ikinikanyaga, ardhi iliyo chini yangu nayo italia na kutitia. Hakutaja kifaru. Hakutaja 1956. Kila mtu mwenye umri wa kukumbuka mitaa ya Budapest mwaka ule alielewa, na waliokuwa ofisini walielewa pia, wakiwa wamechelewa. Albamu ilirudi madukani 1983, miaka kumi baadaye. Wimbo ulikuwa umeshasambaa siku nyingi kwenye mioto ya kambi na kanda za kurekodi nyumbani.

Linganisha na Neoton, walioshinda *Ki mit tud?* mwaka huohuo 1968 wakiwa wanafunzi. Bendi hiyo ilipitia mabadiliko mengi, na mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa kubebwa na Erdős Péter aliyekuwa na sauti kubwa ndani ya kampuni ya santuri, ikawa Neoton Família, bidhaa ya kuuza nje na kuleta fedha za kigeni. Njia ileile ya kuingilia iliwafikisha watu mahali tofauti kabisa. Wengine hawakufikishwa popote. Szécsi Pál, aliyependwa kuliko karibu waimbaji wote wa kiume wa kizazi chake, alifariki 1974 akiwa na miaka 30. Sipendi wanaomfanya alama ya utawala. Alikuwa na majeraha yake binafsi tangu utotoni. Lakini nawaomba wanafunzi wangu waukumbuke pia umri wa watu hawa. Walikuwa watoto waliotupwa kwenye mwanga mkali, na mfumo uliojua kuwasimamia haukujua kuwalea.

Usiufanye pia ushindi wa shindano kuwa kipimo cha kila kitu. Wimbo wa Kihungaria wa enzi ile uliosafiri mbali kuliko yote, *Gyöngyhajú lány* wa Omega wa mwaka 1969, haukutoka kwenye ushindi wa tamasha. Mwaka 1994 kundi la Scorpions la Ujerumani liliuimba upya kwa maneno ya Kiingereza, na mapato yakaelekezwa kuwasaidia wakimbizi wa Rwanda. Huenda kuna mtu Goma au Ngara aliyefunikwa blanketi lililonunuliwa kwa lahani ya Budapest bila kujua.

Sasa machozi ya bibi. Sitajifanya najua analilia nini, na nawe usijifanye unajua. Maelezo ya haraka ni kwamba watu hulilia ujana wao popote walipoupitia, na hilo ni kweli kwa sehemu. Maelezo mengine ni kwamba wazee wa Ulaya Mashariki wanaikumbuka ajira ya uhakika na likizo za Balaton, wanasahau mengine. Hilo pia lipo, na kuna wanasiasa wanaolitumia. Ila inawezekana kabisa mtu akawa na baba aliyefungwa baada ya 1956 na bado akaujua kila ubeti wa 1966, na asione mgongano wowote. Wimbo ule ulikuwa wake. Aliununua kwa fedha yake, akaucheza na kijana aliyempenda. Serikali ilitoa jukwaa, haikutoa hisia. Ukiliandika hilo kwa uwazi, pamoja na habari za ubeti wa mtaa na albamu iliyoharibiwa, hakuna msomaji makini atakayesema unasifu udikteta.

Kwa hoja ya insha, ninavyoona una njia tatu. Ukisema "ilikuwa propaganda", utakuwa na ushahidi wa kutosha kuhusu nia ya waandaaji, lakini utashindwa kueleza kwa nini nyota walewale walikuja kuwa tatizo kwa walioandaa. Ukisema "ulikuwa upinzani wa chinichini", utapendwa sana, lakini utawasingizia ushujaa vijana ambao wengi walitaka kuimba na kulipwa. Njia ya tatu ni ya mapatano: serikali ilitaka vijana, televisheni ilitaka watazamaji, watunzi walitaka mirabaha, vijana walitaka kipaza sauti, na kila mmoja alipata kidogo na kulipa kidogo. Hii ndiyo ninayoiamini mimi. Udhaifu wake ni kwamba neno "mapatano" linaweza kumfanya msomaji adhani pande zilikuwa sawa. Hazikuwa sawa. Kijana angeweza kunyamaza, serikali ingeweza kumnyamazisha. Liseme hilo mapema kwenye insha.

Kuhusu pa kuanzia: anza kwa kutazama. Hifadhi ya taifa ya picha na sauti, NAVA, ina vituo vya kutazamia kwenye maktaba nyingi za Hungaria, kwa hiyo uliza hapo Szeged kabla hujapanda treni. Kanda za asili ziko kwenye hifadhi ya shirika la utangazaji la taifa, MTVA. Ukifika Budapest nenda Blinken OSA, hifadhi iliyobeba nyaraka nyingi za Radio Free Europe. Ndimo utakamoona jinsi watu wa Munich walivyokuwa wakiufuatilia muziki wa vijana wa nyumbani. Magazeti na majarida ya enzi ile yako Maktaba ya Taifa ya Széchényi. Chagua tamasha la mwaka mmoja tu. Ukichukua miaka yote utazama.

Zungumza na bibi, lakini usianze na daftari. Mwombe akuimbie au akutafsirie ubeti mmoja anaoupenda, halafu umsikilize anakokupeleka. Akikubali urekodi, mweleze insha ni ya nani na itasomwa wapi, na umwachie haki ya kusema sehemu fulani isiingie. Akifika kwenye 1956 na sauti ikabadilika, zima simu, chemsha chai. Siku hiyo wewe ni mpangaji wake, utafiti utasubiri.

Kuna mahali nisingependa uende peke yako. Budapest ipo hifadhi ya kihistoria ya idara za usalama, ÁBTL, yenye mafaili ya watoa taarifa, na ulimwengu wa muziki ulikuwa nao. Kuingia kunahitaji kibali cha utafiti, na lugha ya mafaili hayo ni ya kiofisi yenye mafumbo ambayo hata Mhungaria kijana huyakosea. Jina la mtu kuonekana kwenye faili halina maana kwamba alitoa taarifa. Huenda alitolewa taarifa yeye. Mweleze msimamizi wako kabla, na akusainie. Kwa insha ya muhula mmoja, kwa maoni yangu, huihitaji hifadhi hiyo. Ukija kuendelea hadi shahada ya uzamili niandikie tena, tupange namna ya kuomba kibali.